Kitindamlo cha Robo Saa

Friji ya nyumba ile ilikuwa na rafu tatu, na ukiifungua ungedhani ni ya wapangaji wasiosalimiana. Kila kopo, kila bakuli na kila kijiko kilikuwa na uzi uliofungwa fundo dogo. Uzi mwekundu ulikuwa wa Bibi, mwenye kisukari na umri wa miaka themanini na kitu. Hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza. Uzi mweupe ulikuwa wa Kitinda, binti wa mwisho, ambaye tumbo lake lilikataa maziwa na ngano alipokuwa na miaka ishirini na mbili, likakataa moja kwa moja bila kutoa sababu. Uzi wa buluu ulikuwa wa Mzee, mtoto wa Bibi na baba wa Kitinda, aliyefanya kazi ya kupima ardhi kwa miaka thelathini na mmoja mpaka figo zake zilipostaafu kabla yake.

Aliyezifunga nyuzi hizo ni mke wa Mzee. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto wa jirani, kwa sababu cherehani yake ilikaa dirishani kwenye chumba cha mbele na kila aliyepita barabarani alimwona, kichwa kimeinama, miwani imeshuka puani, mguu ukikanyaga taratibu. Nyuzi hazikumpungukia. Alianza na wa buluu, miaka sita iliyopita, Mzee alipotoka hospitali na karatasi ndefu ya makatazo. Bibi akafuata, Kitinda akamalizia, na Fundi akajikuta anapika sufuria tatu kila mlo kwenye jiko la gesi la pleti mbili.

Sasa, jambo la kujua kuhusu Fundi ni kwamba alikuwa mwotaji wa mchana. Simsemi vibaya, nampenda kwa hilo. Cherehani ikishaanza kunguruma, mwenyewe huwa hayupo. Mikono inabaki, inakunja pindo, inageuza kitambaa, inakata uzi, na mwenye mikono yuko mahali pengine penye mwanga mzuri zaidi. Kuna mara alimshonea mwalimu mmoja blauzi yenye mikono mitatu. Mwalimu alipoirudisha hakukasirika. Alitaka tu kujua huo wa tatu ulikuwa wa shughuli gani. Fundi aliutazama kwa muda mrefu, akasema kwa moyo mweupe, “Sijui, mwalimu. Lakini umeshonwa vizuri.”

Miezi minane hii alikuwa akienda mahali pamoja tu. Aliiona meza yao ya ukumbini, ile ile yenye mguu mmoja uliowekewa karatasi iliyokunjwa, imetandikwa kitambaa kisicho na mshono hata mmoja. Katikati pana bakuli moja kubwa na watu wote wanakula humo. Mwanga unaingia dirishani, mwanga wa jioni changa baada ya mvua, na Mzee amekaa kwenye kiti chake anasimulia habari za mawe ya mipaka, jinsi watu wanavyoyahamisha kisha wakaapa kwamba jiwe limetembea lenyewe. Ndoto iliishia hapo kila siku, kwa sababu Fundi hakuweza kuona mle bakulini mna nini. Kila akiinama achungulie, sindano ilifika mwisho wa mshono, naye akarudi.

Niwaeleze kwa nini mtu aote kitu kidogo hivyo.

Jumapili moja mchana, miezi hiyo minane nyuma, walikuwa wamekusanyika mezani, kila mwenye uzi na chakula chake. Palikuwa na sahani ya ndizi mbivu, ambazo kwa haki zilikuwa za Kitinda peke yake. Mzee alikuwa amenogewa na hadithi yake ya mzee mmoja na jiwe la mpaka, na mkono wake ukaenda wenyewe, ukachukua ndizi, ukaanza kuimenya. Ndizi kwa mtu mwenye figo zilizochoka si mchezo. Ina madini ambayo figo nzima huyachuja bila taabu, lakini zilizochoka huyaacha yakajaa kwenye damu mpaka moyo ukapoteza mapigo. Wanawake watatu walipiga kelele kwa pamoja, na Kitinda akampokonya baba yake ile ndizi jinsi mtoto anavyopokonywa mkasi.

Mzee akautazama mkono wake mtupu. Hakugomba. Alisema, “Samahanini,” akachukua bakuli lake la uzi wa buluu na kwenda nalo chumbani. Neno hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko kelele zote. Mume wake, ambaye watu wazima na mashamba yao walimngoja aseme mpaka uko wapi, alikuwa ameomba radhi kwa ajili ya ndizi mbele ya mama yake mzazi na mtoto aliyemzaa.

Tangu Jumapili hiyo alikula chumbani, ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea kabati. Bibi alijaribu amri. “Mimi ndiye niliyekuzaa, na nasema njoo mezani.” Mzee akajibu, “Nimesikia, mama,” na hakuja. Kitinda aliomba msamaha mara mbili, ya pili kwa machozi, na baba yake akampapasa kichwa akamwambia alifanya vyema. Fundi mwenyewe alipomuuliza, alisema kwa upole, “Ninyi kuleni kwa raha zenu. Nikiwepo mnageuka askari, na mimi nageuka mwizi.” Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtu mwenye hasira utamwomba radhi na yataisha, lakini mwenye aibu utamwomba nini?

Na huko chumbani hakuwa akila. Vijiko vitano, sita akijitahidi, kisha bakuli linarudi jikoni na mfuniko wake. Hospitalini, alikokwenda kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu kwa mashine, muuguzi alimpima na kutikisa kichwa, akamwambia Fundi pembeni kwamba mwili ukiendelea kupungua hivi, hata mashine haitakuwa na mtu wa kumsaidia. Fundi alikwenda nyumbani akakanyaga cherehani mpaka rundo zima la mapazia likaisha.

Kulikuwa na mwanya mmoja tu. Siku za mashine Mzee alirudi mnamo saa kumi, uso umepungua uvimbe, na kwa muda kama wa robo saa hamu ya kula ilimrudia. Alikuwa akinusanusa hewa, anauliza jirani wanapika nini. Halafu uchovu ulimwangukia kwa mkupuo, akalala na viatu mguuni. Fundi aliijua robo saa hiyo kama anavyojua kiuno cha mteja wa miaka mingi. Akaamua kwamba kama ndoto yake ina mlango, basi mlango ni huo.

Jumanne moja, Mzee akiwa kwenye mashine, Fundi aligonga chumba cha mtaalamu wa lishe. Alikuwa msichana wa rika la Kitinda, nyuma yake ukutani kuna picha ya matunda yaliyopangwa kwa rangi.

“Karibu, mama. Mgonjwa ni nani?”

“Nyumba,” Fundi alisema, na akaketi.

Alitoa karatasi tatu za makatazo, moja baada ya nyingine, akazitandaza mezani na kuzinyoosha kwa kiganja. Akatoa na chaki yake ya kuchorea nguo. “Sitaki vyakula vitatu vinavyofanana,” alisema. “Hivyo ninavyo. Nataka kimoja, kitoke chombo kimoja, wale wote.”

Mtaalamu alisoma karatasi zote tatu, akajikuna kwa kalamu juu ya sikio. “Mlo mzima utatutesa, mama. Kitu ninachomruhusu mzee ndicho ninachomnyima bibi. Nikimpa bibi maharage, mzee haruhusiwi. Nikimtafutia mzee mkate mweupe, bibi haumfai na binti utamdhuru.” Akazisogeza karatasi pembeni. “Lakini tunaweza kuanzia mwisho. Kitindamlo, cha matunda.”

Basi wakaanza kufuta. Kwa ajili ya Mzee wakafuta ndizi, chungwa, parachichi, tende na zabibu kavu. Kwa ajili ya Bibi wakafuta sukari na asali, na Fundi akaongeza peremende, kwa sababu alijua zilizomo kwenye foronya ya mto wa Bibi. Kwa ajili ya Kitinda ikaondoka krimu, zikaondoka na biskuti za kusaga. Chaki ilipotulia palikuwa na tufaha, nanasi bivu lisilo la kopo, ndimu, mdalasini na kipande cha tangawizi. Fundi aliyatazama mabaki hayo kwa jicho la kazini. Watu wengi huona masalio ya kitambaa na kuyafagia. Yeye alizoea kuona humo kola na mifuko.

“Nusu kikombe kila mtu, isizidi,” mtaalamu alisema. “Na maji ya nanasi yakaukie motoni, maana hata majimaji ya tunda yanahesabika kwenye maji ya mzee ya siku.”

“Yatakauka.”

“Na bibi asijiongezee.”

“Huyo,” Fundi alisema huku akikunja karatasi, “tutamwomba Mungu.”

Mara ya kwanza alikosea kwa haraka ya kufurahi. Alikata matufaha vipande vinne vinne, akayafunika kwenye sufuria kwa moto mdogo kama anayepikia harusi, na yalipolainika dakika arobaini zilikuwa zimepita, Mzee anakoroma. Mara ya pili akaona afanye ujanja, akapika asubuhi na kuweka. Saa kumi kitu kilikuwa kimepoa na kutoa maji, nanasi linaelea, na Mzee akapita mbele ya meza akaelekea chumbani bila hata kugeuka, kwa sababu chakula kilichopoa hakimwiti mtu. Fundi alikaa jikoni akalia kidogo. Si kwa ajili ya matunda.

Jawabu lilimjia akiwa kwenye cherehani, amekwenda kule kwake. Aliona mikono yake mwenyewe ikikata utepe. Akarudi ghafla, akaacha pindo la gauni la mtu likining’inia, akaenda jikoni na tufaha moja na kisu kikali. Kumbe tatizo halikuwa moto, lilikuwa ukataji. Alilikata tufaha vipande vyembamba kiasi kwamba ukikishika kimoja dirishani unaiona barabara kwa nyuma yake. Akatoa kikaango kipana kuliko vyote, moto mkali, akatanguliza nanasi lililokatwa vijipande vidogo. Nanasi lilitoa maji, maji yakachemka yakakauka, likaanza kushika rangi ya kahawia pembeni. Hapo akatandaza tufaha juu yake, akapitisha tangawizi kidogo, akanyunyiza mdalasini, akageuza mara mbili tu, akakamulia ndimu na kuzima. Alitazama saa ya ukutani. Dakika tisa.

Bibi aliitwa kuonja. Alikuja na kigoda chake, maana hakuonja chochote akiwa amesimama, akapokea kijiko kimoja na kufumba macho. Akakaa hivyo mpaka Fundi akadhani amesinzia.

“Umetia sukari,” Bibi alisema. “Niambie tu, sitamwambia daktari.”

“Sijatia, mama.”

“Basi walioniambia habari za nanasi miaka yote hii walikuwa waongo.” Akafungua macho. “Kitindamlo ni kama kitinda mimba. Kinakuja mwisho, hakina kazi nzito, na ndicho kinachopendwa.”

“Nimekusikia, Bibi,” Kitinda alisema kutoka ukumbini, alikokuwa akipanga vifuta miwani. Alifanya kazi kwenye duka la miwani na alikuwa na kawaida ya kufuta miwani ya kila mtu nyumbani, hata ya wageni.

Lakini Bibi hakucheka. Alikirudisha kijiko na kukaa na mikono mapajani. “Nataka nimwone mwanangu anakula,” alisema. “Si lazima aongee. Hata nikimwona kwa ubavu, nitatosheka. Mtu wa umri wangu hatakiwi kukaa ukutani kusikiliza kama mtoto wake anatafuna.”

Wakakubaliana wote watatu. Ijumaa Mzee akija mezani, hakuna atakayesema neno. Wala “polepole”, wala “hiyo inatosha”, wala “Mungu mkubwa”. Bibi aliapa kuufunga mdomo wake hata mwanawe akimeza kijiko chenyewe.

Ijumaa ilikuja na mvua ya rasharasha, ile isiyomzuia mtu kwenda kazini wala kumruhusu kukauka. Fundi alifunga cherehani saa tisa. Alitandika meza, akaweka katikati bakuli kubwa la udongo, tupu, akalizungusha mara mbili kutafuta upande wake mzuri. Kitinda aliwahi kutoka kazini. Bibi alivaa gauni la kutokea na kukaa kwenye kiti chake tangu mapema, mikono imekunjwa, mtu angedhani anasubiri kupigwa picha. Mvua ilikatika saa kumi kasoro, na mwanga ukaingia ukumbini mlalo, laini, wa rangi ya chai nyepesi. Fundi aliutazama akashituka, kwa sababu aliutambua.

Gari la kumleta Mzee likasimama nje. Aliingia polepole, kitambaa cheupe kimefungwa mkononi palipochomwa sindano.

“Umerudi, baba?” Bibi alimuuliza mwanawe.

“Nimerudi, mama.”

Alilitazama gauni la kutokea, akatazama na lile bakuli tupu, lakini hakuuliza. Akaenda chumbani, na mlango ukabaki wazi kidogo.

Fundi akawasha moto. Kila kitu kilikuwa kimekatwa tayari, kimefunikwa kitambaa kibichi. Nanasi lilipoingia kikaangoni lilipiga kelele mara moja kisha likatulia, na mvuke ukapanda ukaziba kioo cha dirisha la jiko. Tufaha likafuata. Mdalasini ulipogusa joto, jiko zima likabadilika. Harufu ilijaa, ikapita chini ya mlango, ikaingia ukumbini, ikapinda kona bila haraka kuelekea vyumbani. Fundi aliinama juu ya kikaango na mvuke ukamfunika miwani. Hapo akaenda. Alikuwa kwenye ile meza, mwanga ni ule ule, na safari hii alipoinama hakuna sindano iliyomrudisha. Aliona waziwazi bakulini mna nini: rangi ya dhahabu, vipande vyembamba vimelaliana, vingine vimejikunja pembeni. Alikaa huko akivitazama kwa furaha ambayo sijui niiitaje. Ni furaha tu.

Miwani ilipokauka alijikuta amesimama mbele ya kikaango kitupu.

Mikono yake ilikuwa imefanya ilivyofanya kila siku kwa miaka sita. Ilikuwa imegawa. Trei ilikuwa imeshaondoka. Kitinda, naye kwa mazoea yale yale, alipoiona imejaa aliibeba akaenda kuipakua mezani. Fundi alitoka mbio jikoni na kitambaa mkononi, akayakuta mabakuli matatu madogo yamezunguka lile kubwa tupu, kila moja na kijiko chake. Uzi mwekundu, uzi mweupe, uzi wa buluu. Kitinda alimtazama mama yake, akaelewa, akaziba uso kwa viganja.

Na Mzee alikuwa ameshasimama pale ukumbi unapoanzia, na kandambili zake, shati limefunguliwa vifungo viwili. Harufu ilikuwa imemtoa kitandani. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzuri na bado hajajua kama ni kweli. Aliitazama meza. Akauona uzi wa buluu, na Fundi akayaona mabega ya mume wake yakishuka taratibu, yakirudi mahali pake pa kila siku. Mzee akaisogelea meza, akanyoosha mkono achukue kilicho chake aende nacho.

Mkono ukasita. Jicho la mpima ardhi halipiti juu ya vitu bila kuvilinganisha. Alitazama bakuli la uzi wa buluu, akatazama la mama yake, akatazama la binti yake, akarudi kwenye la kwake.

“Mbona yanafanana?”

“Ni kitu kimoja,” Fundi alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. “Kimetoka kikaango kimoja.”

“Na hili la mama?”

“Hicho hicho.”

Nje mfereji wa bati ulikuwa unamalizia kudondosha maji.

“Sasa langu ni lipi?”

“Lolote,” Fundi alisema.

Hakuna neno la kawaida kuliko hilo, na Mzee hakuwa ameambiwa neno hilo kwa miaka sita. Alilisikiliza. Kisha mkono wake ukaliacha bakuli la uzi wa buluu, ukavuka meza, ukachukua la uzi mwekundu, la mama yake, mbele ya pua ya mama yake. Akachota. Akakiinua kijiko na kukisimamisha karibu na mdomo, akawatazama mmoja mmoja, akingoja.

Bibi alikuwa amejishika midomo kwa vidole viwili. Kitinda alikuwa ameikalia mikono yake. Fundi alishika mgongo wa kiti.

Mzee akala. Alitafuna polepole, akachota tena, na akiwa bado anatafuna akavuta kiti chake kwa mguu akakaa. Hakuna aliyesema kitu. Bibi alijivutia bakuli lenye uzi mweupe, akaanza kula huku machozi yanamteremka na kuingia mdomoni, naye hakuyafuta kwa kuogopa kelele ya kitambaa. Kitinda akabakiwa na la buluu. Saa ya ukutani ilimaliza robo saa ya Mzee ikaendelea na shughuli zake, na Mzee hakusinzia. Alianza kusema kitu kuhusu mzee mmoja na jiwe la mpaka, akaacha katikati. Alikuwa anahesabu.

“Mabakuli ni matatu,” alisema. “Na sisi tuko wanne.”

Fundi alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti.

“Lako liko wapi?”

Fundi akageuka kuutazama mlango wa jiko. Hata mimi, tangu nianze kusimulia, sijawaambia Fundi alikuwa akila nini miaka yote hiyo, na si kwamba nilisahau. Hakuna aliyejua. Hakuwa na uzi wala bakuli. Alikula jikoni amesimama, mabaki ya sufuria ya huyu na ukoko wa sufuria ya yule, halafu akanawa na kurudi dirishani kwenye kazi za watu. Hata katika ile ndoto yake, ukimbana aseme kweli, yeye mwenyewe hakuwa amekaa kwenye kiti chochote. Alikuwa pembeni anatazama.

Mzee alilitazama lile bakuli mbele yake, lilikuwa limefika nusu. Alilisogeza mpaka kona ya meza, kati ya kiti chake na kile alichokishika mke wake.

“Miezi minane,” alisema, “nilidhani ni mimi peke yangu ninayekula peke yangu.”

Akampa kijiko, mpini mbele. Fundi akavuta kiti akakaa, akachota, akaonja. Kilikuwa kimepoa kidogo, na kilikuwa kitamu.